Nani Alilipia Kitabu cha Simu

Kitabu cha kwanza cha simu duniani hakikuwa kitabu. Kilikuwa kipande cha kadibodi kilichochapishwa upande mmoja, kikatolewa Februari 21, 1878 katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani. Kilikuwa na wateja 50 na hakikuwa na namba hata moja: uliinua chombo, ukamtajia opereta jina, naye akachomeka waya. Lakini tazama majina yalivyopangwa. Madaktari walikaa na madaktari, wauza nyama na samaki mahali pao, mazizi ya farasi wa kukodi mahali pao, na polisi, posta na klabu za wakubwa zikawekwa kwenye fungu la mengineyo. Huduma ya simu haikuwa imetimiza hata mwezi mmoja mjini humo, na tayari kuna mtu alishajua kwamba anayepiga simu mara nyingi hamtafuti fulani bin fulani. Anatafuta nyama.

Wanahistoria husimulia kadibodi ile kama habari ya simu. Mimi huisoma kama habari ya biashara, maana biashara hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Miaka ya tisini nilikuwa nikiuza nafasi za matangazo kwenye vitabu vya orodha za simu na biashara, Dar es Salaam. Nilitembea na mkoba, rula na kitabu cha mwaka uliopita kilichojaa alama za kalamu nyekundu, kuanzia Mtaa wa Samora hadi Gerezani, nikibisha hodi kwa wauza vipuri, wachapaji, wauza rangi na mawakala wa forodha. Jina la biashara kwa herufi za kawaida liliingia bure. Mimi niliuza vilivyozidi hapo: herufi nene, kisanduku, robo ya ukurasa, jalada la nyuma. Nusu ya malipo kabla ya kuchapisha, nusu mteja akishakiona kitabu. Na hiyo nusu ya pili ndiyo iliyonimalizia soli za viatu.

Wenye maduka walikuwa na jibu moja. "Dada, mimi wateja wangu wananijua." Na ni kweli walijulikana. Anwani ya biashara wakati ule ilikuwa S.L.P., sanduku la posta ambalo halikuambii duka liko wapi, na maelekezo yalikuwa ya mdomo: ukifika kituo cha mafuta kata kulia, kisha uliza kwa Hamisi Betri. Sikubishana nao. Nilifungua kitabu kwenye ukurasa wa biashara yao, nikakigeuza wakisome wenyewe, nikanyamaza. Jicho la mwenye duka halianzi na jina lake. Linaanza na la jirani. Jirani akiwa na kisanduku, mimi nilikuwa nimeshauza.

Ndiyo maana nasema habari, katika biashara hii, hutolewa bure. Kinachouzwa ni hofu ya kukosekana. Baadaye, kama nitakavyoeleza, iliongezwa hofu ya pili.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Huko Paris, miaka ya 1630, daktari mmoja aitwaye Théophraste Renaudot alifungua ofisi ya anwani kwenye kisiwa cha Cité. Mwenye kutafuta kazi, chumba au kitu cha kununua alilipa sou 3, haja yake ikaandikwa daftarini au akasomewa zilizomo, maskini hawakutozwa. Mwaka 1650 Henry Robinson akafungua ya namna hiyo London, mtaa wa Threadneedle, kwa peni 6. Haikudumu. Katika ofisi zote mbili aliyelipa ni mtafutaji, na kwa hiyo mwenye daftari alimtumikia mtafutaji.

Kwetu orodha za namna hii zilifika na ukoloni. Gazeti la East African Standard lilichapisha Red Book, mwongozo na orodha ya watu na biashara za Afrika Mashariki ya Kiingereza, Uganda na Zanzibar. Toleo la 1912 bado linapekuliwa na wanaotafuta mababu zao walowezi. Orodha ya wakazi humo ni ya Wazungu. Fundi kanzu wa Mji wa Kale, Mombasa, hakuulizwa, na sidhani kama alipungukiwa na kanzu za kushona.

Aliyemgeuza mlipaji ni Reuben H. Donnelley wa Chicago, mtoto wa mchapaji, ambaye mwaka 1886 alitoa orodha ya biashara zilizopangwa kwa kazi zake pamoja na matangazo. Kuhusu rangi ya njano, inasimuliwa kwamba mwaka 1883 mchapaji mmoja wa Cheyenne, Wyoming, aliishiwa karatasi nyeupe katikati ya kazi akaendelea na alichokuwa nacho. Sina sababu ya kukataa. Wachapaji ninaowajua mimi wangefanya vivyo hivyo, kisha wangemwambia mteja kuwa hiyo ndiyo fasheni.

Mpango wa kurasa za njano ulikuwa mzuri mno kwa mwenye kitabu. Kila nyumba yenye simu ilipewa nakala bila kulipa. Kwa kuwa kila nyumba ilikuwa nayo, hakuna fundi bomba aliyethubutu kutokuwemo. Kwa kuwa mafundi bomba wote walikuwemo, kila nyumba ilikihifadhi. Kitabu kilitoka mara moja kwa mwaka, kwa hiyo aliyechelewa tarehe ya mwisho alisubiri miezi 12 akiangalia kisanduku cha mshindani wake. Huko Marekani gharama ya tangazo mara nyingi iliingizwa kwenye bili ya simu yenyewe, jambo ambalo sisi wa Dar tungelionea wivu. Na kwa sababu majina yalifuata alfabeti, kukazuka kampuni za kuzibua mitaro zinazoitwa AAA, na baada yake AAAA.

Ukitaka kujua fedha ilikuwa kiasi gani, angalia talaka ya AT&T. Serikali ya Marekani ilipoivunja kampuni hiyo ya simu, jaji Harold Greene alisisitiza kwamba kurasa za njano zisibaki kwa kampuni mama. Zikabidhiwe kampuni za mikoani, maana faida yake ndiyo iliyosaidia kushusha bei ya simu za majumbani. Mgawanyo ulianza kutumika 1984. Hebu fikiria: bibi wa kijijini anampigia mjukuu wake kwa bei nafuu kwa sababu fundi paa wa mjini anamwogopa fundi paa mwenzake.

Kisha likaja shauri ambalo watu wa kazi yangu walipaswa kulijua kuliko walivyolijua. Kaskazini-magharibi mwa Kansas kulikuwa na kampuni ndogo ya simu, Rural Telephone, iliyotoa kitabu chake kama ilivyotakiwa. Jirani yake, Feist Publications, ilikuwa inakusanya kitabu kikubwa cha maeneo 11 ya simu. Iliomba kununua majina ya Rural, ikakataliwa, ikayachukua. Rural ilijuaje? Ilikuwa imepanda majina manne ya watu wasiokuwepo, nayo yakaota katika kitabu cha Feist. Wenye orodha wote wana mbegu kama hizo, na hawazitangazi.

Machi 27, 1991 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kalamu ya jaji Sandra Day O'Connor, kwamba Feist haina kosa la hakimiliki. Jina, mji na namba ya simu ni ukweli mtupu, na ukweli hauna mwenyewe. Kuupanga kwa alfabeti si ubunifu. Jasho lililomtoka mkusanyaji, hata likiwa la ndoo nzima, halimpi miliki.

Uamuzi ule nauona kuwa mlango ambao biashara yote ya leo ilipitia, ingawa wakati ule hakuna aliyefikiria intaneti. Kama orodha inaweza kuchukuliwa na yeyote, basi unahitaji kitu ambacho jirani hawezi kukinakili na kukiita chake. Kitu hicho kilikuwa kikizunguka bure barazani, sokoni na kwenye foleni ya saluni: maneno ya watu juu ya fundi, hoteli na mpishi.

Wapo waliokwisha kuyakusanya. Tim na Nina Zagat, mume na mke, wote mawakili wa New York, walianza mwaka 1979 kwa kuwapa marafiki karatasi wapime mikahawa waliyokula. Kufikia 1982 ikawa kitabu cha kuuzwa, alama zikienda hadi 30, na maneno ya walaji yakikatwa vipande vifupi vyenye makali. Mwaka 1995, Columbus, Ohio, Angie Hicks alipita nyumba kwa nyumba akiwaandikisha wanachama wa orodha ya mafundi wa nyumba iliyokuja kuitwa Angie's List. Wanachama walilipa ada ili wasome waliyoandika wenzao. Kwa muda mlipaji akarudi kuwa mtafutaji, kama enzi za Renaudot. Nawapenda watu hawa kwa sababu hiyo. Lakini Google iliinunua Zagat mwaka 2011 kwa dola milioni 151 na kuiuza tena 2018, na Angie's List iliacha kuwatoza wasomaji mwaka 2016. Msomaji alishazoea vya bure.

Kikwazo kimoja kilikuwa kimebaki. Mimi kitabuni sikuweza kuandika kwamba betri za fulani hufa baada ya wiki; angetupeleka mahakamani, na angeshinda. Marekani nayo ilielekea huko: mwaka 1995 mahakama moja ya New York ilisema kampuni ya Prodigy, kwa kuwa ilisimamia yanayoandikwa kwenye mabaraza yake ya mtandaoni, inaweza kubebeshwa lawama kama mchapishaji. Bunge likajibu mwaka uliofuata. Kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano ya 1996 kilisema mwenye jukwaa hahesabiwi kuwa msemaji wa maneno yaliyoletwa na mtu mwingine. Sasa ungeweza kuchapisha kashfa ya betri, ukakusanya fedha za matangazo ubavuni mwake, na ukiulizwa ukasema: si mimi, ni mteja.

Februari 2000, katika ofisi juu ya duka la piza huko Needham, Massachusetts, Stephen Kaufer na wenzake walianzisha TripAdvisor. Nia ilikuwa kukusanya makala za magazeti na vitabu vya safari. Waliweka kitufe cha wageni kuongeza ya kwao, na ya wageni yakayafunika ya waandishi. Mwaka 2004 San Francisco ikapata Yelp, ya Jeremy Stoppelman na Russel Simmons, vijana waliotoka PayPal, kwa dola milioni 1 za mwenzao wa zamani Max Levchin. Wao walidhani watu watatumiana barua pepe kuulizana daktari mzuri. Barua pepe hazikushika. Watu walipenda kuandika bila kuulizwa, basi mwaka 2005 wakaujenga upya mtandao wao juu ya kupenda huko.

Na nani alilipa? Hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Mwandishi wa maoni halipwi, msomaji halipi. Anayelipa ni mwenye mkahawa, anayepigiwa simu na kijana wa mauzo kuambiwa kuwa watu kadhaa wameutazama ukurasa wake mwezi huu, na kwamba juu ya ukurasa huo huo mshindani wake anaweza kuweka tangazo. Donnelley angemwajiri kijana yule siku hiyo hiyo. Mimi pia.

Tofauti ni hii. Mwenye duka akinikatalia mimi, ukurasa wake ulibaki ulivyo: jina, S.L.P., namba. Haukumsema vibaya. Ukurasa mpya unasema, usiku na mchana, hata kama hakuuomba. Utafiti wa Michael Luca wa Harvard, wa mwaka 2011, ulitazama mikahawa ya Seattle ukakuta nyota moja zaidi kwenye Yelp inaleta ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9 kwa mikahawa isiyo ya makampuni makubwa. Katika kazi ya chakula asilimia 9 ni mshahara wa watu. Hiyo ndiyo hofu ya pili, hofu ya kuwemo vibaya.

Haikuchukua muda wenye biashara kudai kwamba hofu hiyo inatumiwa kuwauzia. Mwaka 2010 baadhi yao walifungua kesi, wakisema maoni mazuri yalipotea na mabaya yakapanda walipokataa kununua matangazo. Yelp ilikana, na imekana siku zote: inasema ni programu yake inayochuja maoni yasiyoaminika, na haijali nani analipa. Septemba 2014 mahakama ya rufaa ya San Francisco iliwakatalia walalamikaji kwa hoja inayostahili kusomwa taratibu: hata kama maoni yangechezewa, mfanyabiashara hana haki ya kudai maoni mazuri kwenye jukwaa la mtu, hivyo kuyakosa si kunyang'anywa. Tume ya biashara ya Marekani nayo ilichunguza ikafunga jalada Januari 2015 bila kuchukua hatua.

Mwaka huo huo wa 2014, ng'ambo ya ghuba, mjini Richmond, mpishi wa Kiitaliano Davide Cerretini alichoka. Alitangaza kwamba mteja atakayempa mkahawa wake, Botto Bistro, nyota moja atapata punguzo la asilimia 25. Watu walikuja wakaandika matusi ya mapenzi: chakula kibaya mno, nitarudi kesho. Kati ya watu wote wa historia hii ningependa kunywa kahawa na huyo.

Pale penye hofu ya kuuzwa, dawa bandia haichelewi. Wapelelezi wa mwanasheria mkuu wa New York walijifanya wenye duka la mtindi la Brooklyn linalosemwa vibaya, wakapiga simu kwa kampuni zinazosafisha majina mtandaoni, wakaelezwa bei waziwazi. Maoni yaliandikwa na watu wa Ufilipino, Bangladesh na Ulaya ya Mashariki, dola 1 hadi 10 kila moja. Septemba 2013 kampuni 19 zilikubali kulipa faini ya zaidi ya dola 350,000 kwa jumla. Miaka minne baadaye Oobah Butler, aliyewahi kuandika maoni ya uongo kwa pauni 10, aliliandikisha banda la uani kwake, kusini mwa London, kuwa mkahawa kwenye TripAdvisor. Marafiki wakausifu. Simu zikaanza kulia, yeye akijibu kwamba nafasi zimejaa, na Novemba 2017 The Shed at Dulwich ukawa mkahawa nambari moja London. Haukuwa umepika hata yai. Alipoufungua, usiku mmoja tu, aliwapa wageni chakula cha dukani cha kupasha moto.

Vitabu vya njano vilikuwa vinakufa. Kampuni yenye jina la Donnelley iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2009. Uingereza ilisambaza nakala zake za mwisho Januari 2019 huko Brighton, mji ule ule ulioanza nazo mwaka 1966.

Chetu hakikuuawa na nyota. Kiliuawa na laini ya simu ya kulipia kabla. Mobitel iliingia 1994, Vodacom 2000, na ghafla namba za watu zikawa mfukoni, hazina mkusanyaji wala kitabu. Fundi aliiandika namba yake ukutani kwa rangi, akaibandika nyuma ya bajaji. Nilishuka kazi hiyo bila kuambiwa niishuke. Wateja waliacha tu kuuliza kitabu kinatoka lini. Hata anwani za mitaa zilikuja baada ya hapo: kampeni kubwa ya serikali ya kupachika namba za nyumba na vibao vya barabara ni ya mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti. Ramani ya simu ilishampita Hamisi Betri zamani, ikamweka nukta yake, na anayo nyota nne na kitu. Hajui ni nani aliyempa.

Mpwa wangu ana nyumba ya wageni Mji Mkongwe, Zanzibar. Zamani alizoea papasi, wale vijana wanaompokea mgeni anaposhuka boti, wakamleta mlangoni na kudai chao. Walikuwa wasumbufu, lakini ungeweza kupatana nao, na mmoja alikuwa binamu yetu. Siku hizi mgeni hufika akiwa ameshachagua kwa simu, na mtandao uliomleta unakata chake kabla fedha haijafika Unguja. Niliwahi kumkuta mpwa wangu amekaa ngazini, anasoma maoni kutoka mtandao mmojawapo. Nyota moja. Mgeni aliamshwa na adhana ya alfajiri, kisha na jogoo wa jirani. Alikuwa ametunga jibu kwa Kiingereza cha adabu, akiomba radhi kwa niaba ya msikiti.

Oktoba 2024 Marekani ilianza kutumia kanuni inayokataza kununua na kuuza maoni bandia, na kila kosa linaweza kutozwa zaidi ya dola 51,000. Nilimsomea. Akasikiliza vizuri, akaniongezea chai.

"Shangazi, wewe si umelala hapa?"

"Nimelala."

"Chakula umekipenda?"

"Pweza alikuwa mgumu kidogo."

"Basi pweza mwache. Andika mengine. Andika unatoka Hamburg."

Nikamuuliza anataka maneno mangapi, na kama ni herufi nene au za kawaida. Kisha nikamwambia masharti yangu ni yale yale: nusu kabla ya kuchapisha. Bado tunapatana.